Siku Kumi na Moja Kabla ya Arobaini

Ipo Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huweka chini chochote nilichoshika. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mzito wa masikio na mwepesi wa vidole, na nilidhani mtu anaweza kuishi hivyo bila kumdhuru yeyote. Nitakusimulia yote, hata yanayonitia haya. Nimeshazeeka, na haya ya mzee isipomfaa kijana haina kazi nyingine.

Tulikuwa na kwaya ya Kiswahili hapa Rågsved, kitongoji cha Stockholm. Jumapili, Wasweden wakishamaliza ibada yao na kahawa yao, walituachia ukumbi wa kanisa lao mpaka jioni. Tulikuwa Watanzania kama mimi, niliyekuja kujifunza ufundi wa mitambo nikabaki kutengeneza lifti za maghorofa. Tulikuwa na familia za Kirundi zilizokimbia vita, Wakongo wa Bukavu, na Wakenya wawili waliokuwa wakibishana kila wimbo uanzie wapi. Kila mtu alikuja na Kiswahili cha kwao, na tukiimba hukusikia tofauti.

Mpiga kinanda wetu alikuwa Mrundi mmoja tuliyemwita Baba Neema. Siku za kazi aliendesha basi. Kinanda chenyewe kilikuwa cha zamani, cha mbao, kizito kama kabati la mkwe. Kilitoka katika nyumba ya bibi mmoja wa Kisweden aliyefariki na watoto wake wakawa wanagawa vitu, na mimi na Baba Neema tulikibeba wenyewe kwenye ngazi, yeye akicheka, mimi nikilalamika mgongo. Ndani yake mlikuwa na spika inayozunguka, kwa hiyo sauti yake ilitetemeka kidogo, ikapanda na kushuka. Vinanda vipya havina mtetemo huo. Ni sauti ya zamani, na masikio yakishaizoea huitafuta.

Baba Neema alikuwa na tabia moja. Kabla ya wimbo wa kwanza alibonyeza noti moja ya chini akaishikilia. Aliishikilia mpaka mama wa mwisho avue koti, mpaka mtoto wa mwisho akae, mpaka anayetafuta ukurasa aupate. Hakumkemea mtu yeyote. Noti ile ilikuwa ikituita, nasi tulikuja. Mimi kwa ukaidi wangu nilimwambia anapoteza muda, akanijibu kwamba muda wa kumsubiri mtu haupotei.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja, alianguka kazini. Moyo. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alimwacha mkewe, Mama Neema, na binti yao Neema aliyekuwa na miaka kumi na sita. Tulimzika hapa hapa Stockholm baada ya majuma mawili na ushei, maana huku maziko hayaharakishwi. Mvua ya baridi ilikuwa inanyesha, na mimi nililia mbele za watu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utoto.

Baada ya maziko kilifanyika kikao cha kwaya. Mimi niliitwa kwenye lifti iliyokwama na mtu ndani, nikafika wanafunga kwa sala. Nilikuta kinanda kimefunikwa kitenge cha Mama Neema, kimefungwa vizuri kwa pini kwenye kona. Nikamuuliza jirani yangu wameamua nini, akasema kinanda kisiguswe mpaka arobaini ipite, siku arobaini tangu maziko. Nikasema sawa. Sikuuliza kwa nini. Nilijiambia ni mambo ya wazee, mila za kuheshimu na kuendelea. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami siku ile niliona kuuliza ni kujichelewesha.

Basi tukaimba majuma kadhaa kwa sauti tupu na gitaa langu. Sitakudanganya, tulisikika vibaya. Kwaya iliyozoea kubebwa na kinanda ikiachwa peke yake hushuka, hushuka, mpaka mnamaliza wimbo mahali ambapo hamkuuanzia. Nami nilikuwa nimeona kwenye ratiba kwamba tutatembelewa na kwaya ya Waswahili wa Uppsala, wenye mpiga kinanda hodari na majivuno yasiyojificha. Wazo la kuaibika mbele yao lilinikera kuliko nilivyotaka kukiri.

Sasa nikueleze ujinga wangu ulivyokuwa na akili. Nilikuwa na pedali za gitaa, vile visanduku vya chuma vinavyopangwa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu ili kubadili sauti. Wengi huzitumia kulifanya gitaa likwaruze. Mimi niligundua kwamba zikipangwa vizuri zinaweza kulifanya gitaa lisahau kuwa ni gitaa. Moja iliongeza noti ya juu na ya chini juu ya ile niliyopiga, kama mtu mwenye mikono mitatu. Nyingine ya kukandamiza taratibu kwa unyayo ilificha mdonoo wa uzi, sauti ikaja polepole bila kusikika ilikoanzia. Nyingine iliirefusha isikatike. Na ya mwisho ilikuwa inaizungusha, ikatetemeka kama ile spika ndani ya kinanda cha Baba Neema.

Nilikaa nazo nyumbani kila nikitoka kazini. Nilikuwa na kanda nilizorekodi wakati wa mazoezi, nikawa nasikiliza kinanda, nasimamisha, nageuza kifundo kidogo, nasikiliza tena. Kulikuwa na huzuni ndani ya kazi ile, siikani. Nilikuwa nimempoteza rafiki yangu. Lakini furaha ya fundi ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Siku nilipoipata sauti yenyewe, sawasawa, nilipiga kofi peke yangu sebuleni. Nikajisifu kwamba nimetii agizo la wazee na bado nimeokoa kwaya. Kinanda hakitaguswa, nilijiambia, hata vumbi lake halitaguswa.

Jumapili ile wageni walijaza safu mbili za mbele. Neema alikaa safu ya nyuma na koti lake mwilini, kama alivyokuwa akifanya tangu msiba. Mama yake alikuwa jikoni, kando ya ukumbi, akichemsha chai. Wakati wa nyimbo hakuwa akikaa ukumbini. Sote tulijua, na hakuna aliyemlazimisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufika arobaini.

Papa Bisimwa, Mkongo aliyekuwa kiongozi wa kwaya, akaniashiria nianze. Nikainua gitaa, nikakanyaga pedali zangu. Na kwa kuwa nilitaka kazi kamili, mwanangu, nilianza na ile noti ya chini. Nikaishikilia, kama yeye.

Walionijua waligeuka kutazama kinanda, wakakiona kimefunikwa, wakanitazama mimi. Mgeni mmoja akatikisa kichwa kwa kukubali, na mimi nikakiona kile kichwa na kufurahi.

Kisha mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama Neema alitoka mbio, mikono imelowa, kijiko kimoja bado mkononi. Nataka uuelewe uso wake, kwa maana ndio niliokaa nao miaka yote hii. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafurahi. Kwa muda wa pumzi moja mama yule aliamini ni mumewe anayepiga, nami ndiye niliyemwaminisha. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kinanda, akasimama mbele ya kitenge chake mwenyewe, akakigusa, akageuka kutafuta sauti inatoka wapi. Akaniona na gitaa. Akaketi pale pale sakafuni.

Neema alisimama kule nyuma. Hakumkimbilia mama yake. Alitazama kinanda, akanitazama, kisha akatoka nje. Mama Neema aliinuliwa na akina mama wakampeleka jikoni. Papa Bisimwa aliwaomba radhi wageni na kuanzisha wimbo kwa mdomo, na mimi nikabaki nimeinamia gitaa kama mtu aliyedondosha kitu.

Ungedhani nilielewa. Sikuelewa. Sikio la kufa halisikii dawa. Kilichoniuma kwanza ni kwamba watu walikuwa wakinong'ona juu yangu kana kwamba nimevunja ahadi, ilhali sikuwa nimegusa kinanda. Kwa hiyo Jumanne nilikwenda Skärholmen, nyumbani kwa Mama Neema, na unajua nilibeba nini? Nilibeba pedali. Nilizipanga juu ya zulia la mjane, moja baada ya nyingine, nikamweleza kila moja inafanya nini, ili aone kwamba hapakuwa na mkono wa mtu kwenye kinanda cha mumewe. Nilieleza kama ninavyowaeleza wapangaji kwa nini lifti yao imesimama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinimiminia chai, akaongeza sukari kama alivyojua ninapenda. Kisha akasema, "Umemaliza, shemeji?" Nikasema nimemaliza. Akaniletea koti langu. Neema hakutoka chumbani. Nilirudi nyumbani kwa treni mbili na begi limejaa vyuma, nikijihesabu kuwa mtu asiyeeleweka.

Papa Bisimwa alikaa jengo moja na mimi. Alhamisi alinigongea mlango, akasema ameandikisha saa zake kwenye chumba cha kufulia kule chini, nimsaidie kukunja mashuka kwa kuwa mkewe yuko kazini. Nikashuka naye. Mashine zilikuwa zinazunguka, joto zuri, harufu ya sabuni. Akanipa pembe mbili za shuka, akashika mbili, tukavuta. Hakupandisha sauti hata mara moja.

"Weye unajua asanseri," alisema, maana kwao lifti huitwa hivyo. "Mtu akikuambia usifungue mulango ya mbele, weye ukafungua ya nyuma, utasema ile ya mbele sikuigusa?"

Nikasema sikujua kulikuwa na ubaya wowote. Akauliza kama nilimuuliza mtu. Tukakunja shuka, tukashika lingine, ndipo akaniambia yaliyosemwa kwenye kikao nilichochelewa.

Baba Neema alikuwa akimfundisha binti yake kinanda, kimya kimya, Jumamosi, kabla wengine hatujafika mazoezini. Alikuwa amemwahidi kwamba Krismasi ile angeiita kwaya yeye, kwa ile noti ya chini. Baba alipofariki, mtoto alimwambia mama yake kwamba hataki mtu mwingine apige kabla yake. Alitaka sauti itakayofuata ile ya baba yake iwe ya kwake yeye. Kwa kuwa kinanda kilikuwa kimefunikwa, alifanya mazoezi kwenye meza ya kulia chakula, vidole juu ya mbao, bila sauti, kila siku akitoka shule. Mama yake alikuwa akiketi pembeni akimenya viazi na kumtazama. Ndiyo maana Mama Neema alisimama mbele ya kwaya, akaomba kinanda kisipigwe mpaka arobaini. Watu wote walijua, isipokuwa mimi, niliyefika wakati wa amina.

"Ile kitambaa haikufunika mbao," alisema Papa Bisimwa. "Ilikuwa inamuwekea mutoto nafasi. Na weye ukaikalia."

Nililia, mwanangu. Nililia nimeshika pembe za shuka la watu, na mzee yule alisubiri bila kulishusha upande wake. Kisha nikamuuliza nifanye nini. Akaniambia niende tena, nisibebe kitu na nisieleze kitu. Maelezo, alisema, humsaidia yule anayeyatoa.

Nikaenda Jumamosi. Mikono mitupu. Nilipofunguliwa mlango nilipiga magoti kwenye kibaraza cha ndani, pale wanapoacha viatu, nikasema nimekosa, nikawataja wote wawili kwa majina. Mama Neema aliniinua. Alisema amenisamehe tangu Jumapili, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubeba msiba na kinyongo pamoja. Kisha akamwita binti yake. Neema alimjibu kwa Kisweden kutoka chumbani, kama walivyozoea, lakini alipotoka na kusimama mbele yangu alitumia Kiswahili, na nilijua amechagua kufanya hivyo ili nisikose hata neno.

"Nimekusamehe, baba mdogo," alisema. "Ila mimi sitapiga. Wewe ulishapiga."

Nikamwambia ile haikuwa kinanda, lilikuwa gitaa tu. Neno lilinitoka kabla sijalizuia. Alinitazama bila chuki, akasema, "Mama alikimbia." Akarudi chumbani.

Siku ya arobaini tulikusanyika wote. Mama Neema alitoa pini, akakikunja kitenge. Tulisubiri. Hakuna aliyemwambia Neema neno, ila kila jicho lilikuwa kwake, na mimi niliomba moyoni kama ambavyo sikuwahi kuomba, nikamwambia Mungu achukue vidole vyangu ampe mtoto ujasiri. Neema alibaki safu ya nyuma na koti lake. Baada ya muda Papa Bisimwa akaanza kuimba, tukafuata, tukashuka njiani kama kawaida yetu. Krismasi ilipita. Mwaka uliofuata kinanda kilipelekwa kwa kwaya nyingine, na mimi na wenzangu tulikibeba kwenye ngazi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Neema sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, na ni mkunga mwenye jina zuri. Ananisalimia kwa heshima, shikamoo haimpiti. Nilipougua goti alikuja kunipikia ugali na kunikaripia kuhusu dawa. Tukiwa kwenye harusi au ubatizo anaketi meza moja nami, anacheka na mimi. Lakini nikiombwa nipige gitaa, na wengi huniomba, yeye huinuka taratibu, huchukua koti lake na kwenda kusimama nje mpaka nimalize. Hafanyi kwa ubaya, na hata wanawe wanadhani mama yao hupenda hewa baridi. Mimi ndiye ninayejua. Nimepiga gitaa mbele za watu miaka mingi, nimesifiwa na mgema akisifiwa unajua hufanya nini, lakini hakuna mara hata moja ambayo mtu huyo amenisikia tangu siku ile.

Basi nisikilize. Sikukatazi ufundi. Najua siku hizi hamhitaji hata kupanga visanduku sakafuni; simu zenu zinaweza kutoa kinanda cha zamani, na nasikia zinaweza hata kutoa sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Jifunze, uwe hodari kunipita. Lakini ukiona mahali pameachwa kimya, usiharakishe kupajaza kwa sababu unaweza. Pengine kimya hicho kina mwenyewe. Kaulize ni cha nani, na uulize kwa kusikiliza, wala usiwe kama mimi niliyeridhika na nusu ya agizo kwa kuwa nusu hiyo ilinipa upenyo. Wazee wakikukataza jambo bila kukueleza, wafuate uwaulize sababu, hata kama umechelewa, hata kama utaonekana mjinga. Na ukishakosa, usiende kwa uliyemkosea na mzigo wa maelezo. Piga goti, taja jina lake, nyamaza. Usidai pia kwamba akishakusamehe vitu virudi kama vilivyokuwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Msamaha ni wake kuutoa, nawe huna haki ya kuuongezea lolote.

Mungu akupe vidole vyepesi, mwanangu, na masikio mepesi kuliko vidole. Akupe watu wa kukusubiri, na wewe akupe subira ya kuwasubiri wengine. Na siku utakapoinua mkono kupiga, ajalie asiwepo mtu hata mmoja katika nyumba hiyo atakayelazimika kuchukua koti lake.